Kubadilisha maji ya tanki la samaki kwa mpira wa bombani, hata kama presha ya maji kwenu ni ya kubahatisha

Tanki langu lina urefu wa sentimita 120 na upana 40, maji nayajaza mpaka kimo cha sentimita 45, kwahiyo ukizidisha zote tatu alafu ukagawa kwa 1000 unapata lita 216. Kila wiki natoa theluthi, yaani lita 72. Kwa miaka miwili hiyo kazi nimeifanya kwa ndoo, na ndoo ya lita 20 huwezi kuijaza mpaka juu ukapita nayo sebuleni juu ya zulia la mama Nasra, kwahiyo unajaza lita 15, safari tano za kutoa na safari tano za kurudisha, mgongo unalalamika na bado matone yamejipanga kuanzia kwenye tanki mpaka mlangoni kama kuna mtu kapita na gunia la barafu.

Ndo nikaanza kuulizia hii mifumo ya kuunga mpira kwenye bomba. Marekani ile maarufu inaitwa Python, zipo na za kampuni zingine, zote wazo ni moja. Ndugu yangu mmoja anaishi huko akaja likizo akaniletea moja, mpira wa futi 50, yaani mita 15 na kidogo. Nikasema ndoo kwaheri. Haikuwa hivo, na nitakueleza kwanini, maana ukielewa kile kidude kinafanyaje kazi utajua upande upi utakufaa nyumbani kwako na upande upi uachane nao.

Ukiutandaza chini ni mpira mmoja mrefu tu. Mwisho mmoja una bomba pana la plastiki linaloonyesha ndani, hilo ndo linaingia kwenye tanki na unalichomeka kwenye changarawe kuvuta uchafu. Mwisho wa pili una kidude cha plastiki ambacho unakifunga kwenye mdomo wa bomba la sinki. Hicho kidude kina matundu matatu: juu maji yanaingia kutoka bombani, chini yanatoka kwenda kwenye sinki, na ubavuni ndo mpira wa tanki ulipoungwa. Ukifungua bomba na tundu la chini likiwa wazi, maji yanashuka kwa kasi kupita sehemu nyembamba, na pale yanapoenda kasi presha inashuka, basi ubavuni panakuwa kama pana mdomo unanyonya, maji ya tanki yanavutwa mpaka kwenye sinki yanamwagika pamoja na yale ya bomba. Mtaliano mmoja, Giovanni Battista Venturi, aliandika habari hii mwaka 1797 na jina lake limebaki hapo hapo. Kama umewahi kukaa na fundi wa bodaboda akakuelezea karbureta, ni kitu kile kile, pale upepo ndo unavuta petroli, hapa maji yanavuta maji. Kujaza ni rahisi zaidi: unaziba tundu la chini, maji yanakosa pa kushukia, yanageuka yanapanda kwenye mpira mpaka kwenye tanki. Hubebi ndoo hata moja. Kwenye maelezo ya boksi inaonekana kazi ya mtoto.

Tatizo la kwanza ni presha. Nyumba nyingi za Marekani maji yanafika bombani na presha ya bar 3 au 4. Sasa kwetu wengi maji yanatoka kwenye simtanki lililokaa juu ya mnara wa mita 3 au 4, na hesabu ya maji ni kwamba mita 10 za kimo ndo zinakupa bar 1, kwahiyo mnara wa mita 3 unakupa bar 0.3. Kwa presha hiyo kile kidude kinatiririsha tu, hakinyonyi. Nilifunga, nikafungua bomba mpaka mwisho, nikaenda kwenye tanki kuangalia, kimya. Nikachomoa mpira ubavuni nikaweka kidole gumba kwenye tundu, kidole hakivutwi hata kidogo, ndo kwanza maji yananitokea hapo hapo. Hiyo ya kidole ndo namna ya kupima kabla hujaanza kuhangaika na mpira mrefu: funga kidude peke yake, fungua maji, weka kidole. Kikivutwa kama unapovuta mrija wa juisi iliyoganda, kwako kitafanya kazi. Kisipovutwa usijisumbue.

Tatizo la pili niliona nilipokipeleka kwa shemeji anayekaa ghorofani ambako kuna pampu inayosukuma maji. Pale kilinyonya, tena vizuri. Ila nikaweka ndoo chini nikingie yote yanayotoka, na kwa lita 20 zilizotoka kwenye tanki ndoo mbili zilijaa na ya tatu ikaanza. Maana yake zaidi ya lita 20 za maji safi zimeenda kuvuta lita 20 za maji machafu. Uniti moja ya maji ni lita 1000, fanya hesabu kwa mwaka mzima kila wiki lita 72, alafu mtaa unapata maji mara mbili kwa wiki. Mi roho iliniuma.

Kwahiyo ninachofanya sasa hivi, na ndo nakushauri, ni kuugawa huu mfumo: kutoa maji tumia mteremko, kujaza tumia bomba. Mteremko hauhitaji presha ya mtu. Mpira ukishajaa maji na mwisho wake ukiwa chini kuliko uso wa maji ya tanki, yanaenda yenyewe, na kadri mwisho unavyokuwa chini zaidi ndo yanavyoenda kasi zaidi. Tanki langu lipo juu ya stendi ya sentimita 80, mpira unapita dirishani na unaishia kwenye bustani ya mchicha ambayo ipo chini zaidi ya sakafu, lita 72 zinatoka wakati naongea na simu. Hata wenye presha nzuri wangefanya hivi, au basi wakinyonya kwa bomba mpaka maji yaanze kutembea wafunge bomba waache yaendelee yenyewe, mradi sinki lipo chini kuliko tanki.

Vifaa sasa. Kama unao ule wa kuagiza, jua kwamba nyuzi zake hazitaingiana na bomba zetu. Mi nilidhani fundi wangu mvivu. Alishika kile kidude akakizungusha kwenye bomba la nje la robo tatu, kikaingia mzunguko mmoja na nusu kikagoma. "Bosi, hii nyuzi sio ya kwetu." Nikamwambia kaza. "Nikikaza napasua, alafu utanidai." Alikuwa sahihi. Mipira ya bustani ya Marekani ina nyuzi 11 na nusu kwa kila inchi, mabomba yetu ya robo tatu yanafuata kipimo cha Kiingereza chenye nyuzi 14. Kwa macho zinafanana, zinaingia kidogo alafu zinapishana. Usikaze kwa spana, plastiki inapasuka na huku spea hupati. Suluhisho ni kukata ule mwisho na kuweka konekta ya mpira ya kawaida, ile ya shaba au plastiki ngumu wanayouza duka la vifaa vya bomba, upande mmoja nyuzi za bomba, upande wa pili una mapindo ya kushika mpira, unafunga na klipu ya chuma ya kukaza kwa bisibisi. Nyuzi uzungushie ile tepu nyeupe ya mafundi, mizunguko mitano sita, ufuate upande unaokazia, sio kinyume, la sivyo inavuliwa wakati unakaza.

Kama huna wa kuagiza hujapungukiwa kitu. Nunua mpira wa nusu inchi unaoonyesha ndani, pima kutoka bombani mpaka kwenye tanki alafu ongeza mita mbili. Nasisitiza unaoonyesha ndani, kwasababu unataka kuona kama kuna hewa, na kama kuna kitoto cha samaki kimeingia. Ile mipira ya bustani ya kijani ya bei chee mingine inanuka plastiki vibaya, ukiona harufu haiishi hata baada ya kuusuuza, uwe wa bustani tu. Ule mwembamba wa mafundi ujenzi wa kupimia levo utafanya kazi kwa tanki dogo la lita 40 au 60, kwa kubwa utakesha. Kisha koki ndogo moja ya nusu inchi, unaiweka kwenye mwisho wa mpira wa upande wa bomba. Kwa bomba pana la kuingia kwenye changarawe, chukua chupa ya maji ya nusu lita, kata kitako, mdomo wake ubane kwenye mpira kwa klipu. Ndo hivo. Upana wa chupa una maana yake: kwenye sehemu pana maji yanapanda polepole, changarawe inarukaruka inarudi chini, uchafu ambao ni mwepesi unaondoka. Ukitumia mpira mtupu utanyonya na mawe.

Kabla ya kugusa maji, zima vitu vya umeme. Hita kwanza, hasa nyie wa Arusha, Iringa, Mbeya na Nairobi mnaotumia, sisi wa pwani wengi hatuna. Hita ya kioo ikibaki hewani ikiwa moto alafu ukairudishia maji ya baridi, inapasuka pa! na ukiwa umetumbukiza mkono hapo sijui utamwambia nini mtu. Izime dakika kumi kabla ipoe. Filta nayo izime, zile za kukaa nje ya tanki zikikosa maji zinavuta hewa, pampu inazunguka kavu na inaungua. Mi nachomoa kwenye soketi kabisa, kwasababu swichi ya ukutani kwangu kuna watoto.

Sasa kuanzisha mvuto bila kunyonya kwa mdomo. Najua umeona madereva wanavyonyonya dizeli, usifanye hivyo na maji ya samaki, ni kinyesi kile. Na hapa ndo uzuri wa kuwa na bomba: unaunga mpira bombani, upande wa pili ule mdomo mpana unauzamisha kwenye tanki, unafungua maji kidogo tu. Utaona mapovu yanatoka kwenye tanki, hiyo ni hewa inayosukumwa. Mapovu yakiisha, mpira umejaa. Funga koki ya kwenye mpira, funga bomba, fungua konekta, peleka mwisho wenye koki kwenye bustani au kwenye mtaro wa bafuni, uweke chini kabisa, fungua koki. Yanatembea. Mpira wa mita 15 wa nusu inchi unabeba lita mbili kasoro, kwahiyo hata ukizidisha kidogo wakati wa kutoa hewa, maji ya klorini yaliyoingia ni machache sana kwa tanki la lita 200. Kwa tanki la lita 30 hapana, hapo weka kwanza dawa ya kuua klorini, nitaieleza mbele.

Wakati maji yanatoka, chomeka ule mdomo kwenye changarawe, subiri sekunde chache mpaka uchafu upande, nyanyua, sogea pembeni. Usisafishe tanki zima siku moja, fanya nusu leo na nusu wiki ijayo, bakteria wanaokula amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki, wanaishi humo kwenye changarawe pia. Kwenye mizizi ya mimea pita juu juu. Kama una vitoto vya samaki wadogo kama gapi au moli, vuta soksi ya nailoni, zile za kike za kubana, juu ya mdomo wa chupa, utakosa kunyonya uchafu mkubwa lakini hutaua kizazi. Na uwe na alama. Mi nimebandika kipande cha tepu ya umeme kwenye kioo sentimita 15 chini ya uso wa maji, kwasababu kwangu kila sentimita 10 ni lita 48, kwahiyo 15 ni zile 72. Yakifika kwenye tepu nafunga koki, sihesabu ndoo tena.

Maji hayo mchicha unayapenda kweli kweli, yana nitreti, ambayo kwa mimea ni mbolea. Ila kama uliweka chumvi au dawa ya samaki wagonjwa, yamwage mtaroni.

Kujaza ndo sehemu ya kuwa makini, na kitu cha kwanza ni klorini. Ulipokuwa unatumia ndoo uliziacha wazi siku moja au mbili klorini ikapaa. Ukijaza moja kwa moja kutoka bombani hakuna muda huo. Shirika la Afya Duniani linataka maji yafike bombani kwa mtu yakiwa na klorini isiyopungua miligramu 0.2 kwa lita, kwako wewe ni salama, kwa samaki inachoma mashavu ya kupumulia. Utamuona anakuja juu anahema, mashavu yanaenda mbio, wengine wanarukaruka. Kwahiyo dawa ya kuua klorini inaingia kwenye tanki KABLA hujafungua bomba, na kipimo chake ni cha tanki zima, sio cha maji unayoongeza. Watu wengi wanakosea hapa. Anaongeza lita 72, anapima dawa ya lita 72, kwenye ndoo ingekuwa sawa lakini hapa maji ya klorini yanaingia ndani ya tanki yanachanganyika na ya zamani, na dawa nayo imeshasambaa kwenye tanki zima, sasa unataka popote yanapopita iwepo ya kutosha. Seachem Prime kwa mfano kipimo chake ni mililita 5 kwa lita 200, kwahiyo lita zangu 216 nachukua mililita 5 na nusu. Napima kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano. Ile dawa nyingine inayouzwa kwenye vichupa kwa wauza samaki mara nyingi ni sodiamu thayosalfeti, inafanya kazi vizuri kwa klorini, fuata kibandiko chake. Na kwa nyie mnaoishi nje kwenye miji inayotumia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo haipai hata uiache kwenye ndoo wiki nzima, lazima dawa, na hakikisha kibandiko kinataja kloramini.

Cha pili ni joto. Simtanki jeusi juani, saa nane mchana, fungua bomba uone, unaweza kuoga bila kuchemsha. Samaki wengi wa kitropiki wanataka nyuzi 24 mpaka 27, sasa ukiwaingizia lita 72 za maji ya namna hiyo unawapika. Mi najaza asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa mbili, maji ya juu yanakuwa yamepoa usiku kucha. Wa miji ya baridi kinyume chake, jaza mchana jua likishayapasha, maana huku pwani tunaogopa moto na nyie mnaogopa baridi. Acha maji yatiririke dakika moja kwanza yatoe yale yaliyokaa kwenye mabomba, alafu weka kipimajoto, tofauti ya nyuzi moja au mbili na ya tanki haina shida. Kama huna kipimajoto, mkono mmoja kwenye tanki mwingine kwenye maji ya bomba, ukihisi tofauti kubwa subiri.

Cha tatu ni kasi. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yako, pima inajaa kwa muda gani. Kama ni dakika mbili, bomba lako linatoa lita 10 kwa dakika, kwahiyo lita 72 ni dakika saba na sekunde kadhaa. Ukishajua hiyo namba unaweka kengele kwenye simu ya dakika sita, na huondoki. Nasema huondoki. Nilishawahi kuondoka kwenda kufungulia mtu geti, tukasalimiana, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, unajua salamu zetu, niliporudi maji yanashuka kwenye kioo kama pazia na soketi ya stendi ipo hapo chini. Zulia lilikaa juani siku mbili na maneno niliyoyasikia sitayaandika. Siku hizi waya zote za tanki nimezining'iniza zishuke kwanza chini ya soketi ndo zipande, tone likifuata waya linaangukia chini badala ya kuingia kwenye umeme.

Cha nne ndo kikubwa kuliko vyote, na wanaouza hawakuambii. USIZAMISHE mwisho wa mpira kwenye maji wakati unajaza.

Nilikuwa nimeunga kwenye laini ya DAWASA, shirika la maji la Dar, inayotoka mtaani moja kwa moja, siku ya maji, presha ilikuwa nzuri, nikazamisha mdomo wa mpira kwenye tanki ili usipige kelele. Katikati maji yakakata, kama kawaida ya mgao. Mi nipo sebuleni naona tu mpira umetulia, nikajua yatarudi. Kumbe mama Nasra yupo nje kwenye lile bomba la chini, sufuria mkononi, anakingia maji ya kuoshea mchele. Nikasikia, "Baba Nasra, njoo uone." Sauti ya utulivu kabisa, ile ya hatari. Nikatoka. Ndani ya sufuria mchele mweupe, juu yake kipande cha jani, na pembeni ya jani kitoto cha gapi, hakijazidi urefu wa punje yenyewe, kinazunguka. Akaniangalia. "Hawa nao ni wa DAWASA?"

Ilivyotokea ni hivi: maji ya mtaani yalipokata, mabomba ya ndani bado yamejaa, tanki langu lipo juu, bomba la nje lipo chini na limefunguliwa. Ni mteremko ule ule ninaoutumia kutolea maji, ila safari hii ulipitia mabomba ya nyumba. Na ungeweza kwenda mbali zaidi ya sufuria, kama laini ya mtaani ingekuwa inavuta, maji yangu ya kinyesi cha samaki yangeenda kwa jirani. Mchele tuliumwaga, mabomba niliyafungulia kwanza yatoe yote ndo tukayatumia tena.

Kinga yake ni rahisi. Ning'iniza mwisho wa mpira juu ya maji, sentimita tano au zaidi, mi natumia kibanio kikubwa cha nguo kuubana kwenye ukingo wa kioo, na chini yake naweka sahani ya plastiki inayoelea ili maji yasichimbe changarawe wala kuwatisha samaki. Palipo na hewa kati ya mpira na maji hapawezi kuvutwa kitu. Juu ya hapo mwambie fundi aweke valvu ya kuzuia maji kurudi kwenye hilo bomba, mshale uelekee upande wa tanki la samaki. Ukiwa na valvu bado ning'iniza, valvu huwa zinaingia mchanga zinabaki wazi.

Maji kuanguka kutoka juu yana faida nyingine. Maji yenye presha, hasa ya baridi, yanakuja na hewa nyingi iliyoyeyuka, ndo maana baada ya kujaza unaona vipovu vidogo vimeganda kwenye kioo na kwenye majani. Vichache havina neno, ila hewa ikizidi inaweza kutengeneza vipovu ndani ya mwili wa samaki. Yakianguka na kutawanyika hewa ya ziada inatoka. Ukiona mapovu mengi mpaka kwenye mapezi, jaza polepole zaidi siku nyingine.

Kuna watu ambao ningewaambia wasitumie bomba kujaza kabisa. Wewe unayepokea maji tofauti kila wiki, leo ya mtaani, kesho ya boza, keshokutwa ya kisima cha jirani chenye chumvi, endelea na pipa: jaza, yapime, yatulie, alafu yasukume kwa pampu ndogo ya kuzamisha kupitia mpira ule ule. Chumvi ya visima vya Dar sio ya kuchezea kwa gapi aliyezoea maji yasiyo na chumvi, akibadilishiwa ghafla anaweza kufa na utasema ni ugonjwa. Wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika wao wana nafuu kidogo kwa maji magumu, yaani yenye madini mengi, ziwa lenyewe pH yake, kile kipimo cha uchachu wa maji, ni kama 8.6 mpaka 9, ila ugumu wa maji na chumvi ya bahari ni vitu viwili, usije ukanisingizia. Na mwenye tanki ambalo halijabadilishwa maji miezi mitatu, mfumo mpya umeufunga leo una hamu, usitoe theluthi. Samaki wameshazoea uchafu wao, anza na asilimia 10 au 15, rudia baada ya siku mbili tatu, panda taratibu.

Ukimaliza, funga bomba kwanza ndo utoe mpira kwenye tanki, ukianza na mpira utaimwagilia TV. Rudisha filta, hakikisha maji yanatembea, kisha hita baada ya kuona imezama yote. Kaa uwaangalie dakika kumi. Wakiwa wanahema juu juu, ongeza dawa ya klorini hapo hapo na washa pampu ya hewa.

Mpira usiuviringishe ukiwa na maji, ndani utaota utelezi na wiki ijayo utanuka mpaka ujute. Nyanyua upande mmoja juu ya kichwa, tembea nao taratibu mpaka mwisho maji yote yatoke, ndo uutundike. Wangu upo kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafuni, na kwenye koki mama Nasra amefunga kitambaa chekundu ili mtu asiuchukue kuoshea gari.